Mwaka Niliomuua Mhandisi Tumaini

Sikusevu. Kosa lenyewe ni hilo, na hata nikilitafutia maneno makubwa halikui. Nilikuwa na miaka ishirini, nimekaa mbele ya kompyuta ya steshenari moja mjini Mbinga, nimechapa tangu asubuhi kurasa arobaini na moja za kaunta buku bila kuinua kichwa na bila kusevu hata mara moja, kwa sababu nilijiona fundi, na fundi hasimami simami. Saa tisa kasoro umeme ukakatika. Ile betri ya kuokoa kompyuta, tuliyoifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi, ilikuwa imekufa siku nyingi, na kazi pekee iliyobaki nayo ilikuwa kukishikilia hicho kitambaa. Kioo kikawa cheusi. Nikajiona humo, mdomo wazi. Umeme uliporudi saa kumi na moja, kurasa arobaini na moja hazikuwepo, na bosi alikuwa anaondoka alfajiri kupeleka kazi Songea kupigwa chapa. Mtu mwenye akili angesema. Mimi nikaandika sentensi moja ya kukifunga kitabu pale pale kilipokatikia: "Baada ya hayo yote Mhandisi Tumaini akafariki, na Kamati ikaahirisha kikao chake hadi tarehe itakayotangazwa." Hiyo nilisevu mara tatu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu miezi michache iliyopita Mama Ezekia, aliyewahi kunilaza kwake, alinipigia simu kutoka ziwani Nyasa, na hakuanza na salamu ndefu. "Otilia, mzee wako wa vyombo vya anga amefariki huko kwao Tanga. Wamezika jana. Nimeona nikwambie mimi, usije ukasikia kwa watu." Nikasema ahsante mama, nikakata simu, nikaigeukia barua ya mteja ya kuomba kazi iliyokuwa kwenye kioo, nikaisevu. Kisha nikaisevu tena. Siku hizi nina steshenari yangu mwenyewe, chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa hapa Mbinga. Kutoka kitandani hadi kazini ni hatua kumi na nne, na ikinyesha naziona nyingi. Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kutoka. Harusi za watu huwa naulizia video. Habari za wazazi wangu na nilivyozaliwa nitaziacha, zinafanana na za kila mtu. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, ule niliouishi roho juu, nikishtuka kila mlango wa steshenari ulipolia.

Bwana Shemhina alikuwa afisa uvuvi, mtu wa Tanga aliyeletwa na kazi mpaka ufukweni mwa Nyasa, akakaa huko miaka akikagua mitumbwi na kupima matundu ya nyavu. Mara mbili kwa mwezi alipanda Mbinga, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na Kiswahili laini cha kwao kilichotufanya sisi wengine tujisikie tunaongea na kiazi mdomoni. Kila alipopita alitusimulia habari za riwaya yake. Wala haikuwa moja. Zilikuwa saba, mfululizo, za sayansi ya mambo yajayo, na jina lake Njia ya Sayari Saba. Chombo cha anga kingejengwa na Wamatengo, sisi watu wa Mbinga, kwenye milima ya Mbuji, kikitumia mafuta ya maganda ya kahawa, na kila kitabu kingekwenda sayari yake. "Kwa nini Mbuji, mzee?" bosi wangu, Kaka Longino, alimuuliza. "Kwa nini wasirushie Dar es Salaam?" "Dar es Salaam iko chini mno," akajibu bila kucheka. "Utamaliza mafuta kwa kupanda tu." Mji ulilipenda sana jibu hilo. Walimu, makarani wa kahawa, mafundi baiskeli, wote wakawa wanaingojea Mbuji iruke.

Kitabu cha kwanza kiliitwa Maandalizi, na kwa kweli kilikuwa cha maandalizi. Mtu aliyeandika mihtasari ya vikao maisha yake yote alikuwa ameandika riwaya, na mkono wake haukuona tofauti. Sura ya kwanza, Kamati ya Urushaji inachagua mwenyekiti. Sura ya pili, akidi haikutimia, wajumbe wanarudi nyumbani. Sura ya tatu, Mhandisi Tumaini, ambaye ndiye shujaa, anaeleza mfuniko wa tangi, na anaueleza mfuniko huo mpaka unatamani uwe mkononi mwako umfunike nao. Kikao cha nne nilikichapa jicho moja limelala. Lakini mwisho wa kaunta buku ya tatu, katika zile kurasa arobaini na moja, chombo kiliruka. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu duniani tulikuwa wawili tu tuliojua, yeye na mimi, na mimi nilikuwa nimeamua kutokujua. Siku aliponikabidhi kazi alinyoosha zile kaunta buku kwa mikono miwili, akanitazama kupitia miwani minene kama kitako cha chupa. "Macho yananiacha, binti," alisema. "Maandishi ya kuchapwa siyawezi tena, na haya yangu nayabahatisha. Wewe ndiye utakuwa macho yangu." Ndiyo maana hakukagua chochote. Na ndiyo maana nilipomrudishia kaunta buku zake tatu, zimefungwa kamba vizuri, alizipapasa, akashukuru, akaziweka begani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Vitabu vilipokuja kutoka Songea, maboksi mawili, mji ulivipokea kwa shangwe, na shangwe ile ilidumu muda wa kusoma kitabu. Baada ya hapo steshenari yetu ikawa mahali pa watu kuja kumalizia hasira. Mimi niko nyuma ya kompyuta, sweta mbili mwilini kwa baridi ya Mbinga, na jasho linanitiririka mgongoni. "Chombo chenyewe hakiruki!" alilalamika mwalimu mmoja wa hesabu, akikipiga kitabu kwenye kaunta. "Nimesoma mpaka jalada la nyuma. Vikao tu! Hata chai ya wajumbe imo, maandazi yamo, chombo hakiruki!" Karani wa kahawa akadakia: "Na huyu mhandisi kafa na ugonjwa gani? Juu ya ukurasa anakunywa chai, chini ya ukurasa amefariki. Ni ile chai au?" Wakacheka. Kaka Longino naye akacheka, akanigeukia. "Oti, wewe ndiye umekichapa, si utuambie, mhandisi alikuwa anaumwa?" Nikasema sikumbuki. Nikasema nachapa tu, sisomi. Nilikuwa nawaza yule dada aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yangu, ambaye alipoteza ratiba ya mazishi ya watu akafukuzwa siku hiyo hiyo, mchana, kandambili moja mguuni nyingine mkononi.

Hofu, nilikuja kugundua mwaka ule, inakaa tumboni na inakula kabla yako. Nyumbani makande yalikuwa yanapoa mbele yangu mpaka mafuta yanaganda. Nikisikia sauti laini ya Kitanga mtaani, hata kama ni muuza nguo za mitumba, nilijificha nyuma ya mlango. Nilijiambia kwamba nitamwambia akija, maana safari zake zilikuwa zimekuwa chache kwa ajili ya macho, na mbele yake watu wote walikisifu kitabu kwa heshima. Akaja mara ya kwanza, nikawa chooni, nikakaa humo mpaka Kaka Longino akaja kugonga kuuliza kama nimeanguka. Akaja mara ya pili, nikamwambia "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba, macho yangu," na baada ya neno hilo nani angeweza kusema kitu? Mara ya tatu hakuja. Uliletwa ujumbe kwamba macho yamezidi, hawezi tena safari ya kupanda mlima, na anaomba binti yule yule ateremke ziwani juma moja amwandikie kitabu cha pili yeye akisema kwa mdomo. "Utakwenda Jumatatu," alisema Kaka Longino. "Mzee anakuamini sana wewe. Sijui umemfanya nini." Nilitaka kumwambia nilichomfanya.

Mimi nilikuwa sijawahi kwenda mbali kuliko Kitura, hapo hapo wilayani, na Kitura kwenyewe niliumwa kichwa. Njia ya kuteremka ziwani niliifumba macho. Niliyafumbua pale tu hewa ilipokuwa ya moto na masikio yameziba. Kijiji kilikuwa kusini kidogo ya Mbamba Bay, na nilipangiwa kulala kwa jirani yake, Mama Ezekia, mama wa Kianglikana mwenye mabega ya kuvuta nyavu, ambaye alikaanga samaki barazani pake na kuwauza wamefungwa kwenye karatasi. Alinipa chumba kinachotazama maji. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo ya plastiki, kalenda ya kanisa ya mwaka uliokwisha, na wavu wa zamani uliotundikwa ukutani, unanuka kama kitu kilichokuwa hai. Dirisha halikuwa na pazia. Ziwa lilikuwa pale pale, linapumua. Nilimuuliza kama maji huwa yanafika mpaka ndani. "Yanafika," alisema, "yanakuja kuwatafuta Wamatengo." Akacheka mpaka akashika nguzo. Jioni alinipikia ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa Nyasa, wa mchuzi, kitoweo ambacho watu wa Mbinga tunakiotea ndoto, nami nikameza matonge mawili tu. "Kula, mwanangu. Au unaogopa na samaki? Huyu amekufa, nimemuua mwenyewe." Nikapaliwa. Mtu mwenye siri ya mauaji, hata ya mhandisi wa kwenye karatasi, neno hilo linamkaba.

Siku tatu za kwanza tulikaa kwenye baraza ya Bwana Shemhina kuanzia asubuhi. Yeye kwenye kiti cha kamba, uso kuelekea kwenye mwanga, mimi kwenye kigoda na daftari. Chini ya mteremko wanawake walikuwa wakianika usipa, dagaa wa Nyasa, kwenye vichanja, na harufu ilikuwa inatupandia. Alisema polepole, na koma akizitamka. "Kitabu cha Pili. Sura ya Kwanza. Mhandisi Tumaini, koma, akiwa bado na vumbi la safari ya majaribio kwenye viatu vyake, koma, aliingia kwenye ukumbi wa Kamati." Mkono wangu ukasimama. Mhandisi ameingia ukumbini. Mimi nimemzika, wajumbe wameahirisha kikao, watu wa Mbinga wamemcheka maiti wake, naye huyu hapa, anafuta viatu mlangoni. "Umeandika?" "Nimeandika, mzee." "Unahema sana, binti. Ni joto?" "Ni joto, mzee." Siku nzima Mhandisi alitembea, alijibu hoja, alidai vipuri, alikula hata ndizi, na kila alipofungua mdomo mimi nilisikia mwili wangu unapoa kama chumba ambacho mtu ameacha mlango wazi.

Siku ya tatu, mchana, Mama Ezekia alikuja na sahani ya samaki, akasimama mkono kiunoni. Yeye alikuwa na nakala yake ya Maandalizi na alikuwa ameisoma yote. "Mzee, huyo Tumaini unayemtembeza humo si alikufa?" Bwana Shemhina akatabasamu. "Mama Ezekia, wewe soma taratibu. Tumaini alirusha chombo." "Chombo hakikuruka." "Kiliruka. Kurasa za mwisho." "Kurasa za mwisho wameahirisha kikao. Nina kitabu mimi, nikakilete?" Mzee akanigeukia, na macho yake yale yasiyoona vizuri yakawa yananitafuta, yakashika sehemu ya bega langu. "Otilia. Wewe umekichapa. Kiliruka au hakikuruka?" Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikusema pale pale. Jibu lilikuwa neno moja. Badala yake nikasema, "Mzee, mimi huwa nachapa tu, sisomi." Mama Ezekia akanitazama kwa muda. Bwana Shemhina akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko inavyohitajika, akasema tumalize kwa leo. Jioni ile nilimwona kupitia dirishani kwake, ametoa zile kaunta buku tatu kwenye sanduku la bati, amezileta karibu na uso mpaka pua inagusa karatasi, anasogeza kichwa kama mtu anayenusa. Hakuona kitu. Baadaye akazibeba mpaka kwa Mama Ezekia, akamwambia azifungie samaki, kwa kuwa karatasi za mtu asiyejua alichoandika hazina kazi nyingine.

Asubuhi ya nne hatukuandika riwaya. Alikuwa amevaa lile shati jeupe na kalamu tatu, kama mtu anayekwenda ofisini. "Leo tunaandika barua," alisema, "kwa wakuu wangu wa kazi." Akaitoa bila kusita, lazima alikuwa ameitunga tangu alfajiri: kwamba anaomba apumzishwe kazi kabla ya wakati wake, kwamba macho peke yake angeyavumilia, kwani nyavu hupimwa pia kwa vidole, lakini sasa ameanza kukumbuka mambo ambayo hakuyafanya, kwa uwazi kabisa, na mtu wa namna hiyo hastahili kukabidhiwa mali ya umma. Akasimama kidogo. "Andika hivi. Nakumbuka niliandika kurasa nyingi, na nazikumbuka neno kwa neno, na watu wote wenye macho wananiambia hazipo. Nukta." Niliandika. Mkono wangu wenyewe, huu huu unaoandika sasa, uliandika nukta. Sauti yake ilikuwa ile ile laini, ila vidole vyake vilikuwa vinashika na kuachia ukingo wa kiti, vinashika na kuachia, na nikaelewa kwamba nilidhani mwaka mzima kuwa mimi ndiye ninayeogopa kuliko wote. "Basi la kesho asubuhi litaibeba," alisema. "Ifunge. Na usimwambie mtu."

Nilirudi kwa Mama Ezekia, barua nimeifungia ndani ya daftari. Alikuwa jikoni, mafuta yanachemka, na karatasi imetandazwa kwenye paja. Nikaja kujua kwamba mama yule hakuwahi kufunga samaki kwenye karatasi kabla hajaisoma. "Siwezi kumfungia mtu chakula kwenye maneno nisiyoyajua," alizoea kusema, "nisije nikamfungia tusi." Hiyo kaunta buku ya tatu alikuwa ameanza kuichana kutoka nyuma, kama wanavyochana wengi. Ukurasa wa kwanza kuchanwa, yaani wa mwisho kabisa, ulikuwa umeshaondoka na mteja na usipa wake wa kukaanga. Wa pili ndio alikuwa nao. "Njoo hapa wewe," alisema. "Soma hapa." Nikasoma, ingawa sikuhitaji. "Hiki nini?" "Chombo, mama." "Kinafanya nini?" Nikawaangalia samaki kwenye mafuta. "Nakuuliza, Otilia. Chombo kinafanya nini?" "Kinatua, mama." "Kinatua. Kitu ambacho hakikuruka kinatuaje?" Akaweka mwiko chini. Nikamweleza yote, umeme, betri, kitambaa cha kufuma, sentensi yangu, na hata barua, kwa maana lile neno la usimwambie mtu lilikuwa limenishinda. Nililia kwa sauti ambayo siipendi. Hakunibembeleza. Alitoa samaki kwenye mafuta kwanza, mmoja mmoja, wasije wakaungua. "Yule mzee tangu jana jioni anaongea peke yake huko nyuma ya nyumba," alisema, "anajihesabia majina ya dada zake aone kama bado anayakumbuka. Sasa chagua. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi? Mimi nitasema kwa sauti kubwa, unanijua."

Saa kumi watu huwa wanapanda kutoka ufukweni, wamemaliza kushona nyavu, na baraza ya Bwana Shemhina ilikuwa mahali pao pa kukaa kwa sababu ina kivuli na mwenyewe ana redio. Siku ile walikuwa sita au saba. Nilitamani wasiwepo, lakini Mama Ezekia alikuwa nyuma yangu, kaunta buku ameishikilia mgongoni mwangu kama mtu anayesukuma mtumbwi. "Mzee," nilisema, "naomba nikusomee kitu." "Nini hicho?" "Kaunta buku ya tatu. Mwisho." Akataka kukataa, nikaona, lakini heshima ikamzuia mbele za watu. Nikaanza. Sauti ilitoka nyembamba, mvuvi mmoja akasema "Paza, dada, ziwa linakushinda," wakacheka, nikapaza. Na niseme ukweli wote hapa, maana nimeshachoka na nusu yake: hata zile kurasa za kuruka zilianza na kikao. Kulikuwa na saini kumi na mbili za kibali. Kulikuwa na mjumbe aliyesahau miwani. Wavuvi wakaanza kupiga miayo, mmoja akainuka, na mimi nikaona kwamba nimekuja kumvua nguo mzee wa watu mara ya pili. Kisha saini zikaisha.

Sehemu hiyo ninayo hapa mezani, na mafuta ya samaki yamefanya karatasi ionekane hadi upande wa pili. "Saa tatu na dakika kumi ardhi ya Mbuji ilikiachia chombo. Mhandisi Tumaini akatazama chini. Akaona ngoro za mashamba, mashimo yale ambayo bibi zake waliyachimba kwa jembe mlima mzima, yamekuwa madogo na ya sawa sawa kama matundu ya wavu, na mlima wote umekuwa wavu mmoja uliotandazwa kukauka. Akaliona ziwa, halina mawimbi, limelala. Akalitafuta paa la nyumba yake, alilolipiga misumari mwenyewe, asilione. Hapo ndipo hofu ilipomshika, kwamba kutoka kule juu nyumba yake ilikuwa kitu cha kukumbuka tu, na kama asingeikumbuka vizuri isingekuwepo." Nilipofika hapo hakuna aliyekuwa anapiga miayo. Yule aliyeinuka alikuwa amekaa tena. Bwana Shemhina alikuwa anasema maneno pamoja nami, midomo tu, bila sauti, neno kwa neno, na alikuwa mbele yangu kidogo.

"Mzee," nikasema, "hii haimo kwenye kitabu kilichopigwa chapa."

"Imo. Niliiandika."

"Uliiandika. Mimi niliipoteza. Umeme ulikatika, sikusevu, nikaogopa kufukuzwa, nikamuua Mhandisi."

"Kumbe ni huyu!" akasema mvuvi mmoja, na Mama Ezekia akamwambia anyamaze.

Bwana Shemhina alipoongea alikuwa afisa. "Umeme ulikatika saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro, mzee."

"Ukarudi?"

"Saa kumi na moja."

"Kwa hiyo ulikuwa na saa mbili za kufikiri. Na hicho ndicho ulichofikiri."

"Ndiyo, mzee."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, ingawa ilikuwa haimsaidii tena. "Kwa hiyo kiliruka."

"Kiliruka, mzee."

"Na mimi ni mzima."

"Wewe ni mzima, mzee."

Akaegemea kiti, na vidole vikaacha ukingo. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo kichwani. "Soma tena," alisema. "Anzia kwenye saini." Watu wa kwenye baraza wakaguna wote kwa pamoja, na yeye akacheka, mara ya kwanza juma lile. Ile barua niliitoa kwenye daftari nikampa, akaipapasa, akaichana vipande vidogo kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa makosa yake yasomwe hata na kuku. Kaka Longino hakuambiwa kamwe. Siku ya kuondoka mzee alinipa kaunta buku ya tatu. "Kaa nayo," alisema. "Na umeme ukikatika, hii haizimiki." Tulifika sura ya nne ya kitabu cha pili. Mwaka uliofuata alirudi kwao Tanga kwa matibabu ya macho, macho hayakurudi, na mfululizo wa vitabu saba ukabaki na kimoja, kile kibaya, chenye sentensi yangu mwishoni. Kila sikukuu alinipigia simu. Hakuwahi kunikumbusha. Mimi ndiye niliyekuwa nikikata simu haraka.

Baada ya msiba nilifunga steshenari siku tatu, jambo ambalo wateja wangu wanaliona ni kama mwisho wa dunia, nikakichapa kitabu chote upya, vikao vyote, chai yote, mfuniko wa tangi na kila kitu. Sentensi yangu nikaifuta. Kurasa za kuruka nikazirudisha mahali pake, isipokuwa ukurasa mmoja, ule wa mwisho kabisa uliokwenda na usipa wa mteja. Huo sikuujaza. Nimeacha nafasi nyeupe na nimeandika chini yake kwamba ukurasa huu ulipotea, na ulipotelea wapi. Nikatoa nakala chache, nikazituma kwa dada zake Tanga, na moja nikampelekea Mama Ezekia mimi mwenyewe, nimeteremka mlima macho wazi, nimeshika kiti cha mbele mpaka vidole vikafa ganzi. Amezeeka, mabega yameshuka, lakini bado anasoma karatasi kabla ya kufungia samaki. Alikaa nacho barazani siku nzima mimi nikizunguka zunguka, nikifagia palipofagiliwa, kwa hofu ile ile ya yule binti wa miaka ishirini. Alifungua mpaka kwenye ule ukurasa mweupe, akautazama, akakifunga, akakiweka kwenye kikapu chake mbali na mafuta.

"Bado ni kibaya, mwanangu," alisema. "Lakini sasa ubaya ni wake mwenyewe, si wako."